Habari za Chama Chetu cha Kila Jumatano

(Hotuba iliyosomwa na karani wa chama cha kusaidiana, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanachama, katika nchi ya Mbulu)



Nimeamriwa na wakuu wa chama nisome mbele yenu habari za majuma yetu, kama ilivyo desturi ya kila mkutano wa mwaka, kisha nieleze shauri la kanuni ya tisa, ambalo mtalipigia kura kabla sanduku halijafunguliwa. Nitafanya yote mawili. Walakini naomba radhi mapema: habari za majuma nitazisoma upesi, na shauri la kanuni ya tisa nitakaa nalo, maana mwanzo wake ni kosa la mkono wangu mwenyewe.

Wageni wetu waliotoka upande wa Hanang wameniuliza tangu asubuhi chama hiki ni chama gani. Basi nawajibu kwa maneno machache. Si chama cha siasa wala cha dini. Ni watu 28, wanaume kwa wanawake, wakulima na wafugaji, mwalimu mmoja, fundi cherehani mmoja, vijana wawili wa pikipiki, na mimi karani. Kila Jumatano saa kumi za jioni twaketi kwa duara, kila mtu mahali pa namba yake, na sanduku la bati lenye kufuli tatu liko katikati. Funguo tatu zakaa kwa watu watatu wa nyumba mbalimbali, wala hapana mmoja wao awezaye kulifungua peke yake. Mtunza sanduku hana ufunguo hata mmoja.

Kila mtu hununua hisa, tangu moja hata tano, na hisa moja ni shilingi 2,000. Kisha hutoa shilingi 500 za mfuko wa jamii, ambazo hazikopwi, bali ni za msiba, ugonjwa na taabu. Kisha mikopo: mtu aweza kukopa mara tatu ya hisa zake. Mwisho, kabla hatujaondoka, mweka hazina husema kwa sauti fedha iliyobaki sandukuni, nasi sote twaikariri. Na Jumatano ifuatayo, kabla kufuli hazijaguswa, mmoja huulizwa atamke. Mzee wetu wa namba 4, ambaye hakuingia shule hata siku moja, hajakosea tangu tuanze. Mimi mwenye daftari nimekosea mara mbili, akanisahihisha.

Mpango wa namna hii haukuzaliwa hapa. Ulianza katika nchi ya Niger mwaka 1991, miongoni mwa wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE, ukaitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye akili ya kujitafutia njia. Baadaye ukafika Zanzibar na Tanzania bara, nasi tukauita VICOBA. Tena tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vyama kama hiki vimewekwa katika daraja la nne, na sharti viandikishwe. Cheti chetu mnakiona pale ukutani.

Lakini wazee wananikataza nisiseme kwamba jambo lenyewe ni geni kwetu. Wairaqw tangu zamani waliwekeana ng'ombe: mtu mwenye wengi hakuwalundika katika zizi moja, bali aliwagawa kwa rafiki zake, huyu wawili na yule mmoja, wakanywa maziwa na kupata mbolea ya shamba, na maradhi yakiingia kwake, hakuamka maskini, maana mali yake ilikuwa imelala katika nyumba nyingi. Na kazi ya kulima waliitana, wakamaliza shamba la mmoja, wakaenda kwa mwingine, na mwenye shamba akawapa pombe ya mtama. Wadatoga nao, mtu akipotewa na mifugo, ndugu wa ukoo humchangia mitamba aanze tena. Tofauti ni kwamba wao waliandika moyoni, nasi tunaandika kwa wino.

Sasa habari za majuma.

Katika mwaka huu tumekutana Jumatano 50. Mbili hatukukutana, moja kwa msiba na moja kwa mvua, kijito kilipofurika na wenzetu wa ng'ambo wakashindwa kuvuka. Faini za kuchelewa zilikuwa nyingi zaidi ya mwaka jana, na wengi wa waliochelewa ni wale wakaao karibu kuliko wote. Hilo sijui nilieleze vipi. Aliye mbali huanza safari mapema, aliye karibu husikia vifijo ndipo anatafuta viatu.

Namba 12 amejifungua mtoto mwanamume katika hospitali ya Haydom, na mfuko ulimpa nauli ya kwenda na kurudi. Namba 21, kijana wa pikipiki, amemaliza deni la pikipiki yake, akaleta juma lile soda kwa watu wote, ingawa kanuni haikumtaka. Namba 7, mzee wetu, alitutoka baada ya mavuno. Kiti chake kilikaa wazi kwa majuma manne, kisha mwanawe wa kike akaja, akasema, "Baba aliniambia nisiiache namba yake." Ndiye yule aliyeketi pale.

Habari ya vitunguu saumu ni ndefu zaidi. Mnajua kwamba nchi yetu ya Mbulu, na Bashay hasa, yasifiwa kwa zao hili, na malori huja kulichukua kwenda masoko ya mbali. Mwaka bei ikipanda, kila mtu ataka mkopo wa mbegu. Mwaka ukifuata, kila shamba lina vitunguu saumu, na mnunuzi hutaja bei apendavyo. Wanachama tisa walikopa kwa ajili hiyo. Sita wamelipa. Watatu wameomba muda, nao wamepewa miezi miwili, kwa kuwa mazao yao bado yamening'inia darini yakingoja bei. Wengine walinung'unika, wakasema chama si mlezi. Nikawakumbusha habari ya mbaazi. Mwezi wa Agosti 2017 serikali ya India iliwekea mpaka mbaazi ziingiazo nchini kwake, kwa kuwa wakulima wake walikuwa wamevuna nyingi; na huku kwetu, Babati na Hanang, mtu aliyepanda kwa kutumaini bei ya miaka iliyotangulia akakuta gunia lake halina mtu wa kuliuliza. Mkulima yule hakuwa mvivu wala mlevi. Amri iliyomwangusha iliandikwa mbali, ng'ambo ya bahari, katika lugha asiyoijua. Basi tukiwanyang'anya watu wa namna hii mbuzi wao mnadani, tutapata fedha yetu mara moja, na kupoteza wanachama watatu.

Hizo ndizo habari za majuma. Sasa kanuni ya tisa.

Kanuni ya tisa yasema hivi: "Mwanachama asiyehudhuria bila taarifa atalipa faini ya shilingi 1,000, nayo itaandikwa na karani siku ile ile." Mimi ndimi niliyeitunga maneno yake tulipoanza, wala siioni haya. Chama kikutanacho kila juma hakina nguvu nyingine ila kuhudhuria. Nalisoma habari za chama kiitwacho Rotary, kilichoanza Chicago, katika nchi ya Marekani, tarehe 23 Februari 1905. Walikuwa watu wanne tu: Paul Harris, mwanasheria, na pamoja naye mfanya biashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa madini, na fundi cherehani. Walikutana katika ofisi ya mmoja, kisha ya mwingine, kwa zamu, na kwa zamu hiyo chama kikapata jina lake. Mwaka 1930 kilikuwa kimefika Nairobi. Leo kiko karibu dunia yote, kikifanya kazi kubwa ya kupiga vita ugonjwa wa kupooza watoto. Tena chama hicho chenye matajiri kilikuwa zamani na sheria kali: mtu akikosa mikutano minne mfululizo bila udhuru, uanachama wake umekwisha. Nilipoyasoma hayo nalifurahi, nikasema moyoni, "Kumbe kanuni yangu ni ndogo."

Basi sikilizeni yaliyotokea.

Mwisho wa mwaka 2023 mvua zilikuwa kubwa katika Afrika ya Mashariki yote. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 3 Desemba, mvua ilinyesha Hanang bila kukoma. Mlima Hanang mnaujua. Una urefu wa zaidi ya meta 3,400, na siku anga likiwa safi wachungaji wetu huutazama kujua hali ya mvua. Asubuhi ile ubavu mmoja wa mlima uliokuwa umelowa maji hata ndani ulimeguka. Wengine walidhani mlima umewaka moto, kwa kuwa zamani ulikuwa volkano. Lakini wataalamu wa miamba waliotumwa na serikali walisema hapana moto, bali mwamba mlaini ulikunywa maji hata ukashindwa kujishikilia. Tope likashuka pamoja na mawe na magogo ya miti, likapita Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi na Jorodom, likachukua nyumba, maduka, mifugo na watu. Waliokufa walihesabiwa siku baada ya siku, hata wakafika 89.

Jumatano iliyofuata, tarehe 6, sisi tuliketi kama kawaida. Tuliomba dakika moja ya kimya kwa ajili ya ndugu zetu wa Hanang, kila mtu akainamisha kichwa, nami pia. Kisha nikaita majina. Nilipofika namba 19, hapakuwa na jibu. Nikauliza, "Ameleta taarifa?" Watu wakatazamana. Nikachovya kalamu, maana mimi hupenda wino wa chupa, nikaandika: "Namba 19, hayupo, hakuna taarifa, 1,000." Kisha nikaita namba 20.

Nataka mwelewe kwamba sikuwa na chuki. Nalikuwa natimiza kazi. Mtu aliyefunzwa ukarani hufundishwa kwamba daftari halina huruma wala upendeleo, na kweli fedha nyingi za watu zimeokolewa kwa sababu hiyo.

Mama huyu wa namba 19 ana binti aliyeolewa Katesh. Jumapili ile alipopata habari, alipiga simu, simu haikuita. Akaazima nauli kwa jirani asiye mwanachama, akashuka Babati, akafika Katesh Jumatatu jioni. Jumatano saa kumi, wakati nalipokuwa nikiita majina, yeye alikuwa amesimama katika tope lifikalo magotini, penye jiwe ambalo alidhani liko mahali pa jiko la binti yake. Alhamisi akamkuta hospitalini, hai, mguu umevunjika, na mtoto wake mdogo amelazwa pamoja naye. Nyumba haikuonekana tena, wala ng'ombe wawili, wala mashine ya kushona.

Alirudi kwetu katika juma la tatu. Aliketi mahali pake, akanunua hisa moja. Akatoa shilingi 500 za mfuko. Kisha akafungua pindo la khanga, akatoa noti ya shilingi 1,000, akaiweka juu ya sanduku, akasema, "Karani, hii ni ile faini. Nimeambiwa imeandikwa."

Hapana mtu aliyesema neno. Mweka hazina alinitazama, nami nikatazama daftari. Mwenyekiti akaniambia, "Soma kanuni." Nikaisoma. Akasema, "Isome tena." Nikaisoma mara ya pili, na safari hii sauti yangu mwenyewe niliisikia kama sauti ya mtu mwingine. Ndipo mzee wa namba 4 akauliza, "Mwanangu, hapo umeandika hayupo. Je, umeandika yuko wapi?"

Nikajibu, "Hapana, baba, hapana nafasi ya kuandika hilo." Akasema, "Basi fanya nafasi."

Noti ile ilirudishwa. Mama hakutaka kuipokea. Mpaka mwenyekiti alipoamuru, ndipo akaipokea. Sikufuta maandiko yangu, maana daftari la wino halifutwi; niliandika chini yake, "Faini imeondolewa kwa shauri la wote," nikatia sahihi. Ukurasa ule upo, na mama mwenyewe ameniruhusu niuseme leo. Juma lile tulichanga mahindi debe sita, mablanketi manne na shilingi 86,000, tukampa ampelekee binti. Lakini hazikutoka katika mfuko wa jamii, kwa kuwa mfuko wetu wasaidia msiba wa mwanachama, mumewe au mkewe, wazazi wake, na watoto wakaao nyumbani mwake. Binti aliyeolewa Katesh, kwa kanuni zetu, alikuwa mtu baki. Jambo hilo nalo nililitunga mimi.

Baadaye serikali na wasaidizi wengi walijenga nyumba mpya kwa waliopoteza makazi, huko Waret, nayo ni kazi ya kushukuriwa. Lakini nyumba haijengwi kwa juma moja, na katika majuma yale ya kwanza mtu huishi kwa mkono wa aliye karibu.

Mtaniuliza, kama jambo lilikwisha vizuri, kwa nini kanuni haikubadilishwa wakati ule? Ni kwa sababu tulisema lilikuwa jambo la mara moja, kama mlima wenyewe ulivyomeguka mara moja. Mwezi uliopita limerudi. Namba 26, kijana wetu wa pili wa pikipiki, alikosa Jumatano mbili. Mara ya kwanza nikaandika 1,000. Mara ya pili, kalamu ikiwa mkononi, nikakumbuka neno la mzee, nikaomba mtu aende nyumbani kwake, mwendo wa nusu saa. Akamkuta kitandani, ameteguka bega kwa kuanguka utelezini, simu imevunjika, naye anakaa peke yake. Alikuwa amekula viazi vya jana yake tu. Majuma mawili tulikaa kwa duara, tukikariri fedha iliyomo sandukuni mpaka senti ya mwisho, na mwenzetu amelala nusu saa kutoka hapa.

Basi shauri lililo mbele yenu lina sehemu mbili. Ya kwanza: faini ya kutohudhuria isiandikwe siku ile ile; kwanza watu wawili, kwa zamu ya namba, waende nyumbani kwa aliyekosa kabla ya kesho yake jioni, na karani aandike waliyoyakuta. Ya pili: mtoto wa mwanachama, ajapokuwa ameoa au ameolewa na kukaa mbali, ahesabiwe katika mfuko wa jamii akipatwa na maafa ya nyumba kuungua, kubomoka au kuchukuliwa na maji.

Mweka hazina anapinga sehemu ya pili, nami ni haki niseme hoja yake kama alivyoisema, maana si mtu mwenye moyo mgumu. Asema: watu 28, kwa shilingi 500, ni shilingi 14,000 kwa juma, na kwa Jumatano 50 ni shilingi 700,000. Msiba mmoja twatoa 200,000. Misiba mitatu ikitokea mwaka mmoja, imebaki laki moja kwa ugonjwa wote na uzazi wote. Tukiingiza na watoto waliotawanyika Arusha, Singida na Dar es Salaam, mfuko utakwisha kabla ya mvua za kwanza, na yule aliyechangia mwaka mzima atakuta sanduku tupu siku ya zamu yake. Hesabu hiyo ni kweli. Nimeihakiki mara mbili. Labda dawa yake ni kuongeza mchango ufike shilingi 700, au kuweka kiasi kidogo zaidi kwa taabu za mbali. Hayo mtayasema ninyi.

Juu ya sehemu ya kwanza hana neno, isipokuwa anachelea wavivu watapata udhuru. Mimi nadhani kinyume. Mtu mvivu ataona haya zaidi wenzake wawili wakibisha hodi mlangoni pake kuliko kulipa noti moja ya 1,000.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza yaliyonipasa. Vyungu viwili vimewekwa nyuma ya pazia, kimoja cha sehemu ya kwanza na kimoja cha sehemu ya pili. Kila mtu amepewa maharage manne, meupe mawili na mekundu mawili. Akubaliye atie jeupe, akataaye atie jekundu, na yaliyobaki ayarudishe mfukoni asiyaonyeshe mtu. Ufunguo mmoja wa sanduku tangu mwaka jana uko kwa mama wa namba 19, naye ameomba usimamizi wa kuhesabu wapewe wageni wa Hanang. Ataanza namba 1, na mimi niliye namba 28 nitakuwa wa mwisho.